Mwonja Chumvi wa Kijitoni

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa sufuria mafigani!"

Na nani kalikodolea macho?

"Mwenye tumbo lake!"

Haya, sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna polepole. Ngano hii ni ya chakula, sitaki mtu anitie tamaa katikati ya maneno.

Hapo kale palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kijitoni. Haukuwa mji wa kujivunia. Soko moja, kinu kimoja, na njia moja ya kuteremkia mtoni. Lakini wenyewe walijua kustarehe! Kila sikukuu, jua likipoa, mji mzima huteremka mtoni kwenda mandari. Huyu kabeba kuni, huyu kabeba mkeka, huyu sufuria kichwani. Wakifika mchangani hupanga mafiga, hupika, hula, hucheka, kisha hurudi makwao na mchanga kwenye pindo za nguo. Mtu atake raha gani zaidi?

Raha hiyo akaja kuiharibu Kiboko.

Kiboko hakuwa mwizi, eti. Ungemuuliza mwenyewe angekuapia. Yeye alikuwa mwonja chumvi! Desturi mnaijua: chakula kikiiva, mpishi humwita mtu mzima akaonja, aseme kama chumvi imekolea. Kabla hajasema imekolea, hakipakuliwi. Desturi nzuri, haina ubaya wowote. Basi Kiboko akaing'ang'ania hiyo desturi kwa meno yake yote. Akatangaza kwamba Kijitoni hapakuwa na mtu mzima kumshinda yeye, asiyeamini na atazame shingo. Sikukuu ikifika anatoka majini, pwata, pwata, pwata, anasimama juu ya sufuria la mtu.

"Hodi wapishi! Nimekuja kuonja."

"Karibu, mzee."

Anachota upawa, gubu! "Chumvi sijaisikia."

Anachota tena, gubu! "Bado sijaisikia."

Anachota tena, gubu! "Mbona siisikii?"

Mpaka upawa unakwaruza chini, kwaru, kwaru. Hapo ndipo anapojifuta mdomo. "Aa! Sasa imekolea. Pakueni."

Wapakue nini? Masizi?

Na ukilalamika, unageuziwa kibao. "Wewe mpishi gani," anasema kwa sauti ya kusikika mchanga wote, "chumvi yako haisikiki mpaka mtu amalize sufuria zima?" Watu wanacheka, mpishi anainamisha kichwa. Alikula ubwabwa wa Mzee Kobe, Mzee Kobe akanyamaza. Akala maharage ya Bi Chiriku, na Bi Chiriku, ambaye hata usingizini hafungi mdomo, siku hiyo akaufunga.

Sasa, katika mji huo alikuwepo Bi Nguchiro. Kidogo cha mtu! Ukimsimamisha nyuma ya kinu humwoni. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi, na yule bimkubwa alikuwa mgonjwa. Tangu masika hakuvuka kizingiti. Sikukuu ilipofika, bimkubwa akaomba jambo moja tu: apelekwe mtoni, akale ubwabwa wa nazi pale mchangani, asikie watu wakicheka. Bi Nguchiro akambeba mgongoni, sufuria kichwani, kuni kwapani. Akafika anahema. Akapika ubwabwa ukatoa harufu hadi ng'ambo.

Pwata, pwata, pwata. "Hodi wapishi!"

Mnajua kilichofuata. Gubu, gubu, gubu, kwaru, kwaru. Bimkubwa akaachiwa mwiko wa kulamba. Akaulamba, akasema, "Si neno, mwanangu. Harufu nimeipata."

Jamani! Mgonjwa, ametolewa kwake kwa mgongo wa mtu, anaambulia harufu! Bi Nguchiro alirudi nyumbani amejaa hasira. Na bimkubwa akiwa pale mgongoni akamnong'oneza: "Mungu akinifikisha sikukuu nyingine, utanipeleka tena? Nguvu ndizo hizi unazoziona."

"Nitakupeleka, mama. Na utakula."

Akaahidi, lakini atafanyaje? Kumpiga Kiboko hawezi. Kujificha na sufuria hawezi, harufu haifichiki. Akawaza anapofagia, akawaza anapokuna nazi. Mwisho akaenda kwa majirani.

"Sikukuu hii tupike sufuria moja, la mji mzima. Na mpishi mkuu awe Bwana Kiboko."

Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani kwa mshtuko, akakitoa tena. "Binti yangu, unampa fisi bucha?"

"Nampa."

"Una wazimu!" akafoka Bi Chiriku. "Maharage yangu aliyala mbele ya macho yangu, leo nimpe na mchele?"

"Dada yangu, hasira uliyo nayo wewe ninayo mimi, na yangu ina mgonjwa juu yake. Lete mchele wako, lete na sahani yako. Niachieni mimi maneno."

Sikukuu ikafika. Bi Nguchiro akambeba tena mama yake, akamketisha mkekani. Sufuria la shughuli likatengwa juu ya mafiga, kubwa, watoto sita wangelala ndani. Pwata, pwata, pwata, Kiboko huyo! Alipoliona, macho yalimtoka.

"Hodi wapi..."

"Hodi ya nini kwako?" Bi Nguchiro akamdaka. "Mpishi hapigi hodi jikoni kwake! Mji umekaa, umesema, nani ajuaye chumvi kuliko Bwana Kiboko? Leo mpishi mkuu ni wewe."

Bi Chiriku akapiga kigelegele, kilimtoka kwa shida lakini kilimtoka. Kiboko akafungwa kanga kiunoni, ilibidi ziunganishwe nne. Akakabidhiwa mwiko. Akavimba kwa sifa. Moyoni anasema, leo sufuria ni langu na mwiko ni wangu, nani tena wa kunizuia?

"Tia chumvi, mpishi mkuu," akasema Bi Nguchiro. "Tutazame mkono wa fundi."

Kiboko akatia, mji mzima unatazama. Wee, mkono ule! Akapepea moto, fuu, fuu, fuu. Moshi ukamwingia machoni, joto likamkausha ngozi, naye ni mtu wa maji. Akavumilia. Ubwabwa ukaiva. Akafunua mfuniko, akazamisha upawa.

"He!" Bi Nguchiro akaruka. "Mpishi huonja kwa upawa? Upawa ni wa mgeni. Mpishi huonja kiganjani."

"Ndivyo desturi," akasema Mzee Kobe.

"Ndivyo!" ukaitikia mchanga wote.

Kiboko angeweza kulipindua sufuria lile kwa pua. Lakini siku zote alikula kwa kisingizio cha desturi. Akiivunja leo mbele ya mji mzima, kesho ataingilia mlango gani? Akanyoosha kiganja. Bi Nguchiro akamdondoshea vipunje vya wali. Kiboko akalamba, na ulimi ukasema ulichozoea:

"Chumvi sijaisikia."

Bi Chiriku akafungua mdomo, na maneno yote aliyoyameza tangu siku ya maharage yakamtoka.

"Hujaisikia? Si umetia mwenyewe? Mpishi gani wewe, chumvi haisikiki! Amekula masufuria ya watu mwaka mzima akitukosoa, kumbe hata kutia chumvi hajui! Mvueni kanga zetu!"

Watu wakaangua kicheko. Kiboko akageuka huku, kicheko. Akageuka kule, kicheko. Jasho likamtiririka.

"Labda hakusikia vizuri," akasema Bi Nguchiro kwa upole, upole wenyewe wa pilipili. "Mpishi mkuu, hebu tuambie tena. Imekolea au haijakolea?"

Akisema haijakolea, yeye ndiye mpishi mbovu. Akisema imekolea, basi, itabidi kipakuliwe. Kiboko akameza mate.

"Imekolea," akanong'ona.

"Hatujasikia!"

"IMEKOLEA!"

"Pakua!" ukalia mji mzima, na sahani zikanyooshwa, kwanga, kwanga, kwanga.

Akapakua kwa mkono wake. Sahani ya kwanza, iliyojaa kichuguu, ilikwenda kwa bimkubwa mkekani. Akala taratibu, macho kafumba. Akala mpaka akairudisha sahani.

"Mpishi," akasema, "niongeze."

Na Kiboko akaongeza! Akampakulia Mzee Kobe, akampakulia Bi Chiriku, akawapakulia watoto na wageni wa watoto, maana mpishi hali mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Mwisho akabaki na ukoko, na ukoko wenyewe umeungua kwa sababu moto aliupepea kwa pupa.

Sikukuu iliyofuata walimwendea na kanga nne na vigelegele, njoo, mpishi mkuu! Akawajibu kutoka chini ya maji, blu, blu, blu, kwamba ana mafua. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, pua tu nje. Akitoka ni usiku, anakula majani, na majani hayatiwi chumvi.

Na mafunzo yake? Mafunzo yake, wanangu, ni kuwaheshimu wakubwa. Mkubwa akila chakula chako, mshukuru. Akimaliza, mpe na mwiko alambe. Subira huvuta heri. Bi Nguchiro angesubiri tu, mama yake naye angekula, sijui lini, labda peponi. Kwa hiyo msije mkafanya kama Bi Nguchiro. Mmesikia? Aliyekubali anyooshe mkono.

Mbona sioni hata mmoja?

Basi, ngano yangu imefika chini ya sufuria. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nikwangue mwenyewe.