Ghala la Mbwera Lisilo na Dirisha

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Ehee, sasa naona mmekula. Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limesahaulika, palikuwa na kijana akiitwa Mbwera. Baba yake alipofariki alimwachia ghala la mahindi. Ghala kubwa, limesimama juu ya nguzo, halina mlango wala dirisha. Ukitaka kuingia unapanda ngazi, unafunua paa kama kifuniko cha chungu, unajitumbukiza ndani, tubwi!

Mbwera akasema, "Vibanda vya udongo ni vya watu wa zamani. Mimi na mke wangu tutakaa ghorofani!"

Akalipaka ghala chokaa. Akatandika mikeka. Akatundika mapazia. Mapazia ya nini, na dirisha hakuna? Msiniulize mimi, muulizeni Mbwera.

Zawena, mkewe, akapika chini ya sakafu, pale pale marehemu alipokuwa akiwasha moto wa kufukuza wadudu. Moshi ukapanda kwenye nyufa. Ukaingia, ukakaa. Koh! Koh! Koh!

"Mume wangu, toboa dirisha."

"Ukuta wa marehemu baba hautobolewi!"

Koh! Koh! Koh!

"Basi hata tundu dogo."

"Ukuta wa marehemu baba hautobolewi!"

Zawena akafunga mzigo wake, akaenda kwao. "Nitarudi siku nitakapoweza kupumua humo," akasema.

Mbwera akabaki analia, hata hajui kama ni moshi au ni mapenzi. Akaenda kwa Bibi Sikudhani, kikongwe aliyekuwa akiamua kesi zote za kijiji.

"Bibi, nirudishie mke wangu. Lakini ukuta siutoboi."

"Nenda kakae ndani, mjukuu wangu. Nitakuja na wenzangu."

Sasa, kijiji kile kilikuwa na mila yake. Msimu wa mavuno ghala haliachwi tupu, ni mkosi. Mwenye mahindi yoyote humimina. Kulipokucha Bibi Sikudhani akaja na kikapu, na nyuma yake wanawake wa kijiji kizima. Akapanda ngazi polepole, akafunua paa.

"Hodi humu! Hii ni nini?"

"Nyumba, Bibi!"

"Dirisha liko wapi?"

"Halina."

"Na mlango?"

"Si huo ulioufunua?"

"Basi ni ghala."

Akamimina. Porororo! Wa pili akapanda, akauliza yale yale, akajibiwa yale yale. Porororo! Mahindi yakafika magotini.

"Toka basi, Mbwera!"

"Sitoki nyumbani kwangu!"

Porororo! Kiunoni. Porororo! Kifuani. Hapo Mbwera akataka kutoka, miguu ikakataa.

"Bibi, nakufa!"

"Hufi, mjukuu wangu, unahifadhiwa. Baba yako alilijenga kwa ajili ya mahindi, na mahindi hayapumui."

Akamteremshia shoka kwa kamba. "Haya, chagua. Ukuta au mke?"

Mbwera akalia kwa sauti, "Baba, nisamehe!" Ka! Ka! Ka! Ukuta ukaachia. Mahindi yakamwagika, na Mbwera katikati yake, porororo mpaka uani! Kuku wote wa kijiji wakaja mbio.

Alipofuta macho akaona miguu anayoijua. Alikuwa Zawena, wa mwisho kwenye mstari, kikapu kichwani. Alikuwa akingoja zamu yake ya kummiminia.

Zawena akacheka mpaka kikapu kikaanguka. Kisha akapanda, akaingia kwa lile tundu. Moto wa chini ulikuwa bado unafuka, watu wakatega masikio. Hakukohoa.

"Toboa na la pili upande wa huku," akasema, "upepo upate pa kutokea."

Mbwera akawatazama wale wanawake na vikapu vyao. Akaokota shoka. Ka! Ka! Ka!

Jamani, ukirithi kitu mheshimu aliyekuachia, lakini nyumba ni ya wanaopumua ndani yake. Hadithi yangu nimeitua hapo. Iliyemchekesha aende nayo, iliyemchoma akatoboe dirisha.