Sifia Gari Ukiwa Ndani

Sifia gari ukiwa ndani. Mmemsikia fundi Kastori akimwambia hivyo yule muuza matairi, nanyi mkacheka kana kwamba mnaijua maana yake. Hamuijui. Methali hii ilianza hivi, na ninayo haki ya kuisimulia kwa sababu kiti kilichoizaa kilikuwa changu. Wekeni simu zenu chini. Nikikasirika katikati, msinitulize.

Mdogo wangu Fulgence alirithi gari la marehemu mjomba, gari dogo kuukuu lililozoea kubeba magunia ya njegere na wanakwaya. Mwaka ule vijana wa Mafinga waliandaa mbio zao za magari, za kupita njia za vumbi katika mashamba ya misonobari, na Fulgence akaapa kwamba gari la mjomba litakuwemo. Tulilivua karibu kila kitu ili liwe jepesi: viti vya nyuma, mazulia, redio. Tukalitia springi za pikapu liinuke, na bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasipasue sampo, bakuli la oili. Yeye angeendesha. Mimi ningekaa kushoto kwake nikimsomea njia, kona kali hapa, tuta pale.

Ilibaki fremu. Hayo ni mabomba mazito ya chuma yanayochomelewa ndani ya gari, juu ya vichwa vya watu, ili likipinduka paa lisiwalalie. Kazi hiyo aliichukua Bwana Mtweve, mwenye gereji kubwa kuliko zote mjini, bure kabisa, mradi jina lake liandikwe milangoni. Tulimshukuru sana! Mama yetu alimpelekea jogoo. Nikimkumbuka jogoo yule, damu inanichemka.

Gari likarudi, fremu nyekundu inang'aa. Mtweve hakuchoka kulisifia. Sokoni, kanisani, hata kwenye harusi za watu: "Likibingirika mpaka bondeni, waliomo watatoka wakijipangusa vumbi tu." Mkaguzi wa mbio naye alichungulia dirishani, akaona mabomba yapo, akabandika karatasi yake.

Asubuhi ya mbio niliingia garini kujifunga mikanda. Kofia yangu ngumu iligonga bomba, rangi ikabanduka. Chini ya nyekundu palikuwa na bluu. Nikakwangua kwa ukucha. Bluu ile niliijua vizuri, ndiyo rangi ya vitanda vya bweni la shule yetu, nilivyovilalia miaka yote ya sekondari. Nikapapasa juu zaidi, nikakuta hata tundu la kufungia chandarua. Yule bwana alikuwa ametujengea kinga ya vichwa kwa vyuma vya vitanda vilivyotupwa! Vitanda vyenyewe vilikuwa vikipinda tukivikalia watatu.

Nilishuka kwa hasira, nikamwonyesha Fulgence ile bluu. Akanishika mkono. "Dada, nakuomba. Wakisikia watatuondoa mbioni. Mwaka mzima nimelala chini ya gari hili."

"Afadhali ulale wewe chini yake kuliko likulalie lenyewe," nikamjibu, nikaenda kumtafuta Mtweve.

Alikuwa katikati ya wageni na wazee, kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mkononi, akilisifia gari. Aliponiona alijaza kikombe kingine anikaribishe. Na kama desturi yetu inavyotaka, akapiga funda moja yeye mwenyewe kabla ya kunipa, ili mgeni aone hakina sumu. Hapo ndipo nilipopata la kusema.

"Bwana Mtweve," nilisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "kwa nini umeonja?"

"Ah, binti, si ndiyo heshima? Mtu humpi kitu usichokionja."

"Basi na gari nalo ulionje. Kiti changu kiko wazi. Zunguka na Fulgence mara moja tu, mpaka kwenye lile tuta na kurudi."

Akacheka. Akasema mgongo unamsumbua. Akasema amevaa suti. Lakini wazee hawakucheka naye, na mmoja wao akamwambia, "Onja, baba. Ni desturi." Aibu ndiyo iliyomwingiza garini.

Fulgence aliliondoa kwa kasi yake ya siku zote. Tuliwaona wakilikaribia tuta, mara mkono wa Mtweve ukatoka dirishani ukipunga, na sauti yake ikatufikia kabla gari halijapanda.

"Simama! Simama, mtoto! Mabomba haya hayashiki! Tutakufa!"

Gari likasimama.

Alijua! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na mvi zangu hizi. Angekosea, ningemsamehe, maana nani asiyekosea? Lakini alijua, akamtazama mama yangu machoni, akamla jogoo wake.

Fulgence alishuka. Alilishika bomba lililokuwa juu ya kiti changu kwa mikono miwili, akalivuta, likapinda. Kisha akabandua ile karatasi ya mkaguzi, akaketi kwenye vumbi, akalia. Hatukushindana mwaka ule. Mwaka uliofuata tulishindana, tukawa wa pili kutoka mwisho, na fundi aliyechomelea fremu mpya alikaa kwenye kiti changu siku ya majaribio, akiimba njia nzima.

Tangu hapo, mtu wa huku akikusifia dawa asiyoinywa, au nyumba asimothubutu kulala, au mchumba asiyemtaka kwa mwanawe, huambiwa maneno hayo mliyoyacheka. Sasa nendeni mkamuulize yule muuza matairi, gari lake mwenyewe limevaa yapi. Akianza kulalamikia mgongo, mwambieni: sifia gari ukiwa ndani.