Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Agoi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, tegeni masikio tu, palikuwa na mwanamke jina lake Kageha. Alikuwa mwepesi wa hasira, asiyevumilia kuzungushwa. Ukoo wao ulikuwa unajiandaa kukutana, naye akajitwika kazi ya kukusanya habari za wazee wote: nani alizaliwa na nani, aliishi vipi, alikufa vipi. Wote aliwapata. Akakwama kwa mmoja tu, baba yake mkubwa, Agoi.

Agoi alikwenda pwani kukata mkonge akiwa kijana, asirudi. Na kwao, mtu akipotea mpaka watu wakakata tamaa, hukatwa mgomba ukazikwa badala ya mwili. Basi Agoi akazikiwa mgomba. Mkewe, Kavetsa, akarithiwa na Asava, mdogo wa Agoi. Hao wawili ndio waliomzaa Kageha. Hilo halikuwa siri.

Kageha akamuuliza baba yake, "Kaka yako alikufaje?"

"Alizama mtoni," akasema Asava.

Akamuuliza mama yake. "Aliumwa na nyoka," akasema Kavetsa.

Akamuuliza shangazi yake Kavere, dada yao Agoi na Asava. "Mimi niliambiwa homa."

"Mtu mmoja, vifo vitatu!" Kageha akafoka. "Alikuwa na roho ngapi huyo?"

"Usinifokee mimi. Kawaulize waliomwona akikata roho."

Kageha akafunga safari hadi pwani, kwenye kambi ya wakata mkonge. Akamkuta mama mmoja anamenya muhogo.

"Hodi, mama. Naomba unionyeshe mahali alipofia mzee Agoi, mtu wa bara."

Yule mama akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Alipofia? We mwanangu, si yule pale anakula!"

Kageha akageuka. Kivulini mwa ukuta ameketi mzee mkavu, anamega ugali, na pua ni ile ile ya baba yake. Akaketi papo hapo juu ya maganda ya muhogo.

Akajitaja yeye ni wa nani. Mzee akaacha kutafuna.

"Mbona hukurudi, baba?"

"Nani kakuambia sikurudi? Nilifika mpaka langoni. Nikaona kaburi mbele ya nyumba yangu, nikauliza la nani. Asava akatoka, akanitazama usoni kama ninavyokutazama wewe. Akasema, 'Ni la kaka yangu Agoi. Wewe ni nani?' Nikageuka, nikaenda zangu."

Mzee akakohoa, akashika mbavu. "Mwanangu, nimechoka. Nataka kufia nyumbani."

Akamrudisha. Walipofika, Asava alikuwa anakunywa uji uani, kata ikamdondoka. Kavetsa akatoka jikoni, akasimama kama mti. Shangazi Kavere akakimbia analia, lakini langoni akatandaza mikono.

"Simama hapo hapo, kaka. Usivuke. Kwetu wewe umezikwa. Mpaka mgomba ufukuliwe." Akalitupa jembe katikati ya ua. "Na anayefukua ni yule aliyesababisha aliye hai abaki kaburini. Huyo anampa Agoi nafasi yake ya kuzikwa humu bomani. Siku yake mwenyewe ikifika, atazikwa nje ya boma hili. Desturi mnaijua, msinitolee macho."

Agoi akaketi juu ya jiwe nje ya lango, anakohoa. Wingu lilikuwa limeshatanda.

"Baba, chukua jembe!" Kageha akapiga kelele. "Ulimwona kwa macho yako!"

"Nilimwona, sikatai," akasema Asava. "Lakini mke sikuiba, wazee walinikabidhi. Na mama yako alikuwa na mimba yako. Ningesema 'huyu ndiye kaka', wewe leo ungekuwa mtoto wa nani?"

Kavetsa ndiye aliyejibu.

"Mimi pia nilikuwepo siku ile aliporudi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Sauti yake niliijua kabla hajamaliza salamu."

"Mama!"

"Mama nini? Nilinyolewa nywele, nikalia mpaka sauti ikakauka. Ndiyo, mimi ndiye niliyewasihi wazee wazike mgomba, nilichoka kungoja. Huyu bwana alitoka hapa, hakutuma hata salamu kwa mpita njia! Mama yake alikufa akimwita. Afukue mwenyewe, si alijipoteza mwenyewe?"

Agoi akajibu kutoka nje. "Ni kweli, Kavetsa. Sikutuma salamu, nilitaka nirudi na kitu mkononi. Na siku ile ningepiga kelele, majirani wangejaa hapa. Sikupiga. Niliona kaburi zuri, limefyekwa vizuri, nikaona haya kuwa hai. Lakini nikifukua mimi, kisha nizikwe nje, nimefuata nini huku?"

Kageha akalirukia jembe. Shangazi akaudaka mpini.

"Achia. Wewe hukumzika mtu."

"Mimba ilikuwa yangu! Mimi ndiye sababu!"

"Kuzaliwa si kosa, mpumbavu wewe. Achia."

Akaachia, shangazi akalirudisha chini. Akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akamtazama yule mzee langoni. Hakuna aliyeinua mguu. Tone la kwanza likaanguka.

Sasa ninyi mnaonitazama, msininyamazie kama wale. Kuna aliyemkana ndugu yake uso kwa uso. Kuna aliyeomba mumewe azikwe, kisha akajificha nyuma ya mlango. Na kuna aliyekuwa hai akakubali kuwa maiti. Mvua inanyesha, mzee yuko nje, na jembe liko chini. Semeni upesi kabla hajalowa: je, nani alistahili kulishika?