Mtihani wa Kindi Kabla ya Adhuhuri

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama nao walinyoa upara na kujitia utawa, palikuwa na nyumba ya watawa wa Kibudha juu ya kilima. Mafundisho ya Budha, kwa lugha ya Kipali, hayakuandikwa popote. Kila mtawa aliyabeba kichwani, na kabla ya msimu wa mvua alisimama akayaghani yote mbele ya wazee. Aliyeshindwa alirudisha joho na bakuli, akashuka kilimani kuloa na kujitafutia chakula mwenyewe.

Kindi alijua sura moja tu. Mwaka mzima, wenzake walipoghani kwa pamoja, yeye alichezesha midomo huku akiwaza karanga. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na mawingu ya mvua yameanza kuchungulia kwa mbali. Hakuwa na shimo, hakuwa na akiba, wala mjomba wa kumkimbilia.

Lakini sheria za nyumba ile alizijua vizuri kuliko mafundisho yake. Hakuna kula mpaka mtihani uishe. Tena jua likishafika utosini, hakuna kula kabisa mpaka kesho. Basi asubuhi hiyo akaenda jikoni, akamsihi mpishi aongeze nazi kwenye maharage, na chungu akiweke karibu na wazee, upande upepo unakotokea.

Wakaketi Tembo, mkuu wa watawa, aliyejisifu kwamba hasahau kitu, na Nyati, mtahini. Kindi akaanza kughani taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Akaimaliza sura yake. Akairudia. Akairudia tena.

Nyati akainua kichwa. "We Kindi, hapo si tumeshapita?"

"Tumepita, mzee," Kindi akajibu kwa adabu. "Budha aliyarudia maneno haya kwa ajili ya wagumu wa kuelewa. Kama kuna mzee hajaelewa, nianze upya?"

"Mimi nimeelewa zamani," Tembo akadakia. Nyati naye akasema ameelewa, tena haraka haraka.

Guruguru! Lilikuwa tumbo la Tembo. Kindi akajifanya hakusikia, akaendelea na sura yake ileile. Kivuli cha nguzo kikazidi kufupika. Nyati alikitazama kivuli, akatazama chungu, akarudi kwenye kivuli. Masikio yake hayakuwa na kazi tena.

Kindi akanyamaza, akajifuta jasho. "Wazee wangu, hiyo ni nusu. Iliyobaki ndiyo ndefu. Niendelee?"

"Umefaulu, mwanangu," Tembo akasema, mkonga umeshaingia chunguni.

Kisha, mdomo ukiwa umejaa maharage, akatangaza kwamba mghani mvumilivu hivyo anafaa kuwa mwalimu wa watawa wote wachanga. Ndiyo maana mpaka leo, kilimani kule, wote wanajua sura moja tu, na wanaighani vizuri ajabu.

Nanyi basi, mkitaka kumpima mwenzenu, msimpime huku macho yenu yako chunguni.