Udongo wa Milembe

Sogeeni, lakini msijiandae kupiga makofi, maana hii si hadithi ya makofi. Na wewe unayesinzia kule nyuma, nakuona. Lala tu, ndugu yangu. Leo hakuna atakayekushtua hapa, na wenzako watakueleza kwa nini ukishaamka.

Palikuwa na watu wanne waliosafiri katika gari moja, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Bi Kaswa, mama mtu mzima, alijaliwa mkono. Kahawa yake ya tangawizi ilikuwa na sifa Singida nzima. Ukinywa kikombe chake jioni, kutakucha unaangalia dari.

Nyamizi, mtoto wa kaka yake Bi Kaswa, alijaliwa sauti. Akiimba jikoni, wapita njia husimama hadi amalize. Hadithi hii ni yake kuliko ya wengine, kwa hiyo mwekeni moyoni.

Mlewa, jirani yao, alijaliwa ulimi. Yeye Mgogo, wao Wanyamwezi, na mnajua wenyewe watani hao wakikutana. Mlewa angeweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukacheka mpaka machozi.

Mihambo, mumewe Nyamizi, alijaliwa uvumilivu. Kazi yake udereva, na miaka yote hajawahi kugonga hata kuku wa mtu. Hakuna aliyemsikia akisema amechoka. Watu walimsifu sana kwa hilo, na mwenyewe alizipenda zile sifa. Laiti asingezipenda.

Halafu palikuwa na Milembe, binti wa Mihambo na Nyamizi, mtoto wa chekechea. Huyo alijaliwa kulala popote, hata juu ya gunia la mahindi. Baba yake alikuwa akimtania kwamba atakuja kuolewa na kitanda.

Basi Mzee Kapufi, baba yake Nyamizi, akafariki kijijini kwake huko Igunga. Wote watano wakapanda Noah ya Mihambo wakaenda kuzika.

Sasa kwa ukoo ule kuna jambo. Moto wa msiba huwashwa uani siku ya kwanza, na anayeulinda ni mkwe. Usiku kucha anachochea kuni, na moto ule hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Mkwe akisinzia hapo, ni kama amesema marehemu hakuwa mtu. Nao watani wamepewa ruhusa na mila: wakimwona amefumba macho, wanammwagia maji ya mtungini. Msiba mzima Mlewa alishinda na kata mkononi. Kila kichwa cha Mihambo kilipoinama, Mlewa alipaza sauti, "Jamani, Mihambo amelala!" na chubwi! Wafiwa walicheka, na kicheko msibani ni dawa. Hata Nyamizi, aliyelia mpaka sauti ikakauka, alicheka. Na mchana Mihambo alikuwa akitumwa mjini na gari, mara mchele, mara viti, mara kumfuata ndugu fulani stendi. Alikubali yote.

Matanga yakaanuliwa. Watu wakala ugali na nyama, wakashiba, na jua likawa utosini. Mihambo akamfuata Bi Kaswa taratibu, akamwomba ajinyooshe kidogo kabla ya safari. Bi Kaswa hakuwa mtu mbaya. Alimjibu tu alivyofundishwa, kwamba matanga yakishaanuliwa mkwe halali tena ukweni, ni aibu. Mlewa akadakia kwamba mkwe anakitaka kitanda cha marehemu, hata hakijapoa. Uani pakawa kicheko kitupu. Nyamizi alimwona mumewe akicheka pamoja nao, akamwona na macho yake, mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi. Akasema moyoni: ni moshi. Mihambo akachukua ufunguo.

Mnaijua barabara inayotoka Igunga kwenda Singida? Inakata mbuga ya Wembere, imenyooka, huku majaruba ya mpunga na kule ng'ombe, na joto linacheza juu ya lami. Hakuna kona ya kumshtua mtu. Walikubaliana kwamba wakifika Shelui, chini ya mlima Sekenke, watasimama wapumzike. Shelui si mbali, walisema.

Hawajaenda sana, tairi likatoka kwenye lami likakwaruza kokoto. Mihambo akalirudisha. Bi Kaswa, aliyekaa nyuma yake, akafungua chupa, akammiminia kahawa. Mihambo akanywa, akajipiga mashavu, macho yakafunguka. Bi Kaswa akajipongeza kwamba mkono wake haujamwangusha. Gari likaendelea.

Baada ya kitambo Mihambo akauliza kama wameshapita daraja. Walikuwa wamelipita zamani, na yeye ndiye aliyewavusha. Nyamizi, aliyekaa mbele na Milembe amelala mapajani, aliingiwa na hofu. Akaanza kuimba. Aliuimba wimbo wa harusi yao, na sauti iliyokaukia msibani ikarudi yote. Mihambo akatabasamu, akagonga usukani kwa vidole. Nyamizi akaimba beti zote, na alipofika mwisho akarudia. Gari likaendelea.

Wimbo ukaisha, na gari likaanza kwenda ovyo, mara polepole, mara mbio. Hapo Mlewa akaingia kazini. Akafungua dirisha, akamnyunyizia Mihambo maji ya chupa shingoni, akamsimulia jinsi Wanyamwezi walivyozaliwa wakati Mungu anapiga miayo. Mihambo akacheka hasa. Akamjibu, tena akamrushia utani wa Wagogo. Wote wakaona dereva amerudi. Gari likaendelea.

Hapo ndipo pa kusikitikia, wasikilizaji wangu. Walimpenda, na kila mmoja alimpa kilicho bora alichokuwa nacho. Lakini usingizi ni kama kiu, hauondoki kwa kuimbiwa. Dawa yake ni kulala, na pale barabarani miti ilikuwepo, kivuli kilikuwepo, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza. Hakuna hata mmoja aliyesema baba, weka gari pembeni, ulale. Isipokuwa mmoja, na huyo alichelewa.

Mlewa aliinua macho akamwona Mihambo kwenye kioo. Macho yalikuwa wazi, ila hayakuwa yakitazama kitu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, Mlewa aliacha utani.

"Simamisha gari," akasema. "Jamani, Mihambo amelala."

Bi Kaswa akacheka. Alikuwa ameyasikia maneno hayo hayo tangu usiku wa kwanza wa msiba, na kila yaliposemwa watu walicheka. Nyamizi naye hakugeuka kumtazama mumewe. Alikuwa akimpepea mtoto kwa ncha ya kanga.

"Mtani, basi," akamwambia. "Tumetoka kuzika."

Mlewa akanyoosha mkono kuushika usukani, lakini alikuwa kiti cha nyuma, na mkono ni mfupi. Barabara ilipinda kidogo tu, kitu cha kugusa usukani kwa kidole. Gari halikupinda. Liliruka kalavati, likatua mbugani kwa ubavu. Mabati ya Shelui yalikuwa yakionekana.

Mihambo alitoka na michubuko. Bi Kaswa alivunjika mbavu, na Mlewa akapasuka paji la uso. Nyamizi alivunjika mkono wa kushoto, ule aliokuwa amemkumbatia nao mtoto. Milembe alikuwa amelala tangu Igunga, na hakuamka.

Walirudi kule kule walikotoka. Udongo wa kaburi la babu ulikuwa bado mbichi, wakachimba pembeni yake. Uani majivu ya moto wa msiba hayakuwa yamezolewa. Akina mama waliokuwa wamekwishaaga wakarudi na mikeka yao. Msiba huu haukuwa na utani wala kicheko.

Sasa lile la ukoo wao ambalo lazima mlijue. Mtu akifa kwa kosa la mtu, aliyekosa hujitokeza kaburini na kusema, "Ni mkono wangu." Mama wa marehemu huchota konzi moja ya udongo, akamtia kiganjani. Aliyepewa huutupa kaburini kabla ya mwingine yeyote, na limekwisha. Hatatajwa tena kwa jambo lile, si barazani, si kwenye ugomvi, si kwenye pombe. Amelibeba, na papo hapo amesamehewa. Lakini konzi ni moja, na mkono ni mmoja. Aliyekosa na hakupewa udongo atabaki na lake mpaka siku ya kufukiwa mwenyewe.

Nyamizi alisimama ukingoni, mkono mmoja kwenye plasta. Akainama, akachota kwa ule mzima.

Mihambo akaja wa kwanza. Tangu ajali usingizi ulikuwa umemkimbia. Kila akifumba macho anasikia kokoto chini ya tairi.

"Ni mkono wangu," akasema. "Usukani nilikuwa nao mimi. Nilijua, mama Milembe. Niliona aibu kusema."

Bi Kaswa akaja akishika ubavu, watoto wa ndugu wamemshikilia. Alisema ni wake yeye, maana mtu mzima aliombwa kitanda akatoa kahawa. Kama angesema neno moja tu, mkwe lala, nani pale uani angembishia?

Mlewa akaja na bandeji kichwani. Wazee wakanong'ona kwamba mtani hana hatia, utani ni mila, tena ndiye pekee aliyeona na kusema. Mlewa akakataa kutetewa. Alisema yeye ndiye aliyemnyang'anya Mihambo usingizi usiku hadi usiku, kata kwa kata. Na alilisema lile neno la kweli mara nyingi kwa mzaha, hata siku alipolihitaji likawa halina nguvu tena.

Wote watatu wakanyoosha viganja. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, na hakuna aliyeondoka. Maana msidhani walikuwa wakiigombea lawama. Kila mmoja alikuwa akiomba asiachwe nayo peke yake maisha yote.

Nyamizi akawatazama. Mume wake, angelala naye kitanda kimoja vipi kama angempita? Shangazi yake ni mzee, ana miaka mingapi tena ya kuubeba mzigo huo? Na mtani, ambaye hata damu si yao, amekuja mwenyewe wakati angeweza kukaa kwake.

Halafu akakitazama kiganja chake mwenyewe. Maana kuna aliyeyaona yale macho mekundu uani akajiambia ni moshi. Kuna aliyeingiwa na hofu akaimba badala ya kusema simama. Kuna aliyemwambia mtani basi. Yeye naye alikuwa na mkono wake, na mila haikusema mama akikosa atapewa udongo na nani.

"Milembe," akaita kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mtoto kwenda shule.

Wachimba kaburi waliegemea majembe wakisubiri. Jua likazidi kuwaka. Udongo ulianza kukauka mkononi mwa Nyamizi, ukawa unamponyoka katikati ya vidole, punje kwa punje, na viganja vitatu vimenyooshwa mbele yake.

Mimi nimefika hapo, siendi mbele tena, sina nguvu hizo. Sasa ninyi mliokaa kimya mniambie, na mseme kabla udongo haujamwishia. Yupo aliyeshika usukani, yupo aliyemwaga maji, yupo aliyemimina kahawa, na yupo aliyeimba. Je, wewe ungeamua vipi? Ungekuwa ndiye mama yake Milembe, ungeutia udongo ule kiganjani mwa nani?