Tumbo la Kambale wa Mwisho

Ngano inapita njiani!

— Iiteni ikae!

Imebeba nini?

— Imebeba samaki!

Mnono au miiba mitupu?

— Ifungue tuone!

Haya. Kabla sijafungua, asiyeamini asimame. Namtaka huyo huyo. Asimame nimwone sura, aseme kwa sauti: Matimbwa, wewe mwongo. Hakuna? Wewe mwenye kofia, unasimama au unajikuna? Unajikuna. Jikune, baba, haikatazwi.

Maana nimekaa hapa nawasikiliza tangu mlipoweka nyavu chini. Huyu kamvua sato mpana kama mlango, sato akaponyoka. Yule kamtega nguruwe pori, kamba ikakatika. Samaki wenu wakubwa wote ni wale walioponyoka! Wale mliokuja nao mbona wanaenea kwenye kikombe? Sijatukana mtu. Nimesema nimesikiliza.

Sasa nisikilizeni mimi. Shule niliiacha darasa la tano, na wala haikunishinda, tulitoka sare. Lakini ngano hii hata mwalimu aliyenifukuza hana. Sharti langu moja tu. Nikinyamaza, mniulize "Kisha?" Msipouliza, nabeba ngano yangu nakwenda kuwasimulia mbuzi.

— Kisha?

Hapo hapo! Mmeiva.

Palikuwa na mto mmoja mvivu. Masika unajaa, unajiona bahari. Kiangazi unakatika vipande vipande, vinabaki vidimbwi na tope, na kambale wanabanana humo mgongo kwa mgongo. Basi kila kiangazi wanyama walikuja kupiga dago, kambi ya uvuvi, kwenye ule mchanga. Wanavua, wanawinda, wanabanika, wanapiga soga, mpaka mvua iwafukuze kila mmoja kwao.

Kwenye dago hilo Korongo alileta mdomo wake mrefu. Kenge alileta mkia wa kuchapia tope. Nguchiro, kadogo kale, mkia kama ufagio mbovu, alileta makucha ya kufukulia. Na Fisi? Fisi alileta tumbo.

Fisi ndiye aliyekuwa mkubwa wa dago. Nani alimchagua? Meno yalimchagua.

Dago lilikuwa na sheria moja. Zamani babu yake Kenge alisimulia huku anakula, mwiba ukamkaa kooni, akatoa ulimi kuutafuta, hajaupata, na ukoo mzima mpaka leo wanatoa ulimi tu. Kuanzia hapo wakakubaliana: anayesimulia hali. Wenzake wale, yeye asimulie. Akimaliza, naye ale. Lakini akitokea mmoja kumuuliza "Kisha?", hajamaliza. Aendelee.

Sheria nzuri kabisa. Sasa mwone Fisi alivyoitumia.

Jioni imefika, kambale yuko juu ya moto, mafuta yanadondoka, chwii, chwii. Korongo hapendi maneno. Kenge ukimpa zamu anasema, "Nilimwona. Nikamshika. Basi." Nguchiro ndiye mwenye mdomo unaomwasha. Fisi analijua hilo.

"Kijana," Fisi anasema, "yule nyoka wa leo ulimpataje?"

Nguchiro anajua ni mtego. Anaujua! Lakini hebu mwulize mvuvi yeyote alimpataje samaki, uone kama atanyamaza.

"Nikamwona amejikunja chini ya kichaka."

"Kisha?" Huyo Fisi, mdomoni, kwacha!

"Nikamzunguka, nyata, nyata, nyata."

"Kisha?" Kwacha!

"Akaniona. Akanyanyua kichwa, ssss!"

"Kisha, kijana, kisha?" Hapa Fisi husahau hata kutafuna, macho yamemtoka kama anayeumwa yeye.

"Nikamrukia shingoni, ng'wa!"

"Kisha ukarudi?"

"Nimerudi, mjomba. Si ndiyo mimi huyu?"

"Haya," anasema Fisi. Kwacha, kwacha, kwacha.

Nyoka kafa, na kambale kaisha. Nguchiro anageuka kwenye moto, anakuta miiba na jivu. Analamba kijiti.

Jioni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Na kila mara, mwisho wa mwisho, swali lile lile la kijinga: "Kisha ukarudi?" Fisi bwana! Mtu yuko mbele yako anasimulia, unamuuliza kama alirudi?

Mnacheka. Chekeni, ngano ni ya kuchekea.

Kisha?

Hee, mmesahau kazi yenu, nimejiuliza mwenyewe! Kisha kiangazi kikaanza kuzeeka. Upepo ukaja na harufu ya mvua ya mbali. Na Nguchiro akaanza kukonda kwa kutamani. Mama yake alimwambia, alipokuwa mdogo wa kulala kwenye kiganja: "Mwanangu, kambale wa mwisho wa kiangazi, yule aliyekaa topeni mpaka amejaa mafuta, lile tumbo lake, ukilionja, masika yote utalala shimoni unaota jua." Mama mwenyewe aliwahi kulionja. Alilieleza hata baada ya meno kwisha, anafumba macho, anatafuna hewa. Nguchiro hajalionja. Kila kiangazi anakuja dagoni, kila kiangazi anasimulia, kila kiangazi analamba kijiti. Na nguchiro haishi viangazi vingi. Mvua ikinyesha kabla hajalila, huenda ndiyo basi tena.

Na huyo kambale wa mwisho alikuwepo, wakimwita Bibi Tope. Kila mmoja alikuwa na hadithi ya jinsi alivyomponyoka, kama nyie na sato wenu.

Siku ya mwisho wakamvamia pamoja. Korongo akadona, tu! Tope tupu. Kenge akachapa mkia, pwaa! Tope tupu. Nguchiro akafukua, kwaru kwaru kwaru, akazama mpaka masikio, akagusa kitu kinachoteleza, akakumbatia kwa mikono na miguu. "Ninaye! Ninaye! Nivuteni mkia!" Kenge akavuta mkia, Korongo akamvuta Kenge, chubwi! Wakatoka wote wanne, Bibi Tope mrefu kuliko Nguchiro mwenyewe.

Fisi alikuwa juu ya kichuguu. Anasema nini? "Vizuri. Nimewaelekeza vizuri."

Jioni. Bibi Tope juu ya moto. Chwii, chwii, chwii. Tumbo linageuka rangi ya asali. Nguchiro analitazama, anameza mate, anamkumbuka mama yake anavyofumba macho.

"Kijana," akaanza Fisi, "huyu bibi mlimpataje?"

"Mjomba," Nguchiro akajibu, kwa sauti ya mgonjwa, "leo nisamehe. Tope limenikaa kooni."

"Jitahidi kidogo."

"Siwezi. Tena nina jambo limenikera huko njiani, sijui nikwambie?"

"Sema."

"Nimekutana na swala. Kaniuliza: huyo mkubwa wenu wa dago, yeye amewahi kuwinda nini?"

Fisi masikio juu. "Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kukusikia, mjomba. Sisi tumesimulia kiangazi kizima, wewe hujasimulia hata panya. Swala akacheka. Kasema: basi huyo huokota."

"Mimi?" Fisi manyoya ya mgongo yakasimama. "Naokota mimi?"

"Hata mbuni husema hivyo," Kenge akachomekea, ulimi ukitoka na kuingia. Maneno mengi kuliko yote aliyosema mwaka ule.

"Kaeni hapo!" Fisi akanguruma. "Kaeni niwape ya kweli! Siku hiyo nilikutana na nyati!"

Naam. Mdomo umeshafunguka. Msimuliaji hali.

"Kisha?" akauliza Nguchiro, koo limepona ghafla. Akanyofoa mkia wa kambale. Nyam!

Fisi akauona ule mkia ukienda. "Kisha nikamshika pembe."

"Kisha?" Nyam!

"Kisha nikamwangusha nikamla akaisha, hadithi imekwisha, nipeni fungu langu!"

"Kisha, mjomba?"

"Kisha nini tena? Nimeshamla!"

"Na pembe ulizifanya nini?" Nyam, nyam. Korongo anadona, tu, tu. Kenge anameza bila kutafuna, kama ilivyo desturi ya kwao.

Fisi akabaki hapo, udenda unamtiririka mpaka kifuani. Sheria aliisimamia mwenyewe kiangazi kizima kwa meno. Akinyamaza, amekubali kwamba huokota. Akiendelea, analala njaa. Akaendelea! Pembe akazitupa mtoni. Kisha? Zikamwua mamba. Kisha? Akamla na huyo mamba. Kisha? Kisha akaja simba kulipiza. "Kisha, mjomba, kisha?" Nyam, nyam, nyam.

Mpaka uongo ukamwishia. Akageuka kwenye moto: miiba na jivu. Akalamba kijiti. Akainuka, akaondoka anaburura mguu wa nyuma kwa njaa, na ndivyo anavyotembea mpaka leo. Nguchiro akalala chali, tumbo kama ngoma.

Ngano imesimama, inaaga!

— Iende salama!

Imeacha nini?

— Imeacha miiba!

Na funzo lake, maana najua mnapenda mafunzo: watoto wazuri, mkubwa akisimulia, msikilizeni kwa adabu, mumwulize maswali mengi, mle taratibu. Na wanaopenda kujisifu hulala njaa. Mimi nimeshashiba, asanteni.

Haya, tawanyikeni.

Mbona mmekaa?

Wewe mwenye kofia, usinitazame hivyo. Nilijua tu. Tangu mwanzo wewe ndiye uliyekuwa hucheki pale wenzako wanapocheka.

Sawa. Kuna kipande nimekiruka. Huwa nakiruka kila mahali, kwa sababu watu hucheka pale Fisi anapolamba kijiti, na mimi mkicheka najiona mrefu. Fisi hakulamba kijiti. Kambale hakuisha. Lilibaki tumbo. Nguchiro aliliweka la mwisho makusudi, apate kulila taratibu kama mama yake, amefumba macho. Alikuwa nalo mkononi, la moto, mafuta yanamtiririka kwenye kiwiko, na mdomo ameshaufungua.

Akauliza tu kwa mazoea, "Kisha?"

Fisi uongo ulikuwa umemwishia. Akasema, "Kisha nilikuwa mdogo. Mama akanikalisha shimoni. Akaniambia nisitoke, anakwenda kuwinda, akirudi atanisimulia alivyompata mnyama."

Korongo akaacha kudona. Nguchiro akashusha mkono.

"Kisha?" Mdomo wake ulikuwa mtupu.

"Kisha ndiyo hapo."

"Hapo wapi, mjomba?"

"Hapo hapo. Ile haina mbele. Mimi nyingine sina, kijana. Kuwinda hakuna aliyenifundisha, ninaokota, swala kasema kweli. Ndiyo maana napenda za kwako. Za kwako mtu anakwenda, anaona makubwa, halafu anarudi."

Moto ukapasuka, ta!

Nguchiro akaliweka lile tumbo juu ya jani, akalisukuma kwa pua mpaka miguuni kwa Fisi. "Kula, mjomba. Swala sikumwona. Nilimtunga."

Fisi hakulitazama. Yule Fisi! Aliinuka, akavuka mchanga wa mto, akashika njia ya ng'ambo, na mguu hakuburura, huo nao niliutunga mimi.

Mvua ilianza kabla hawajainuka pale. Mto ukajaa, ukajiona bahari, ukazima moto, ukaondoka na jani na tumbo lake. Hakuna aliyelionja. Wakatawanyika kila mmoja kwao. Na Nguchiro masika yale alilala shimoni akiota, lakini hakuota jua. Alikuwa anaota anasimulia, na hakuna anayemuuliza "Kisha ukarudi?"

Kwa hiyo mkiwa kwenye nyavu zenu jioni, mkimsikia Fisi ng'ambo, uuu-wi, uuu-wi, watu watawaambia anacheka. Hacheki. Anamwita mtu. Tazameni upande huu, kwenye kichuguu. Mtakaona kadogo kale kamesimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, shingo kameitoa yote, kanaitazama ng'ambo.

"Kisha, mjomba?" kanauliza. "Akarudi?"

Maji ni mengi. Sauti yake ni ndogo.

Basi. Na nyie msiniulize.