Miiba ya Mzee Luhende

Miiba njiani, reli wazi. Mliisikia methali hii jana kikaoni mkacheka, wajukuu zangu, na leo mnataka kujua ilikotoka. Kaeni basi. Mwanzo wake ni huu.

Mwaka mmoja kipindupindu kiliingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Sisi wa huku stesheni tukaogopa, na kuogopa si kosa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Luhende, akaamuru njia itokayo mtoni izibwe kwa miiba ya mgunga na vijana wailinde kwa fimbo. Asipite mtu, hata awe nani.

Wa kwanza kufika alikuwa Mbuke, binti yake mwenyewe aliyeolewa ng'ambo, na mtoto mgongoni.

"Baba, sisi wazima. Tupokee, huko watu wanakwisha."

"Sheria ni msumeno, mwanangu," alisema Luhende, machozi yakimlengalenga. Mbuke akaketi upande wake wa miiba, juani.

Mara garimoshi likapiga honi. Mngetuona! Garimoshi ndilo lililokuwa sikukuu yetu. Hata walinzi walitupa fimbo wakakimbilia mabehewa na karanga zao za kuuza. Akashuka Masanja, mtoto wa kiume wa Luhende, akitoka mjini ambako ugonjwa ulikuwa umeshamiri. Uso ulikuwa umempauka.

"Ni chakula cha njiani tu kimenivuruga, baba," alisema.

Nani angemfukuza? Tulimkumbatia, tukamsindikiza kwa vigelegele, tukala naye ugali sinia moja.

Kulipokucha Masanja hakuweza kusimama. Jioni tulimzika, na nyumba zilizokula naye zikaanza kuharisha na kutapika.

Luhende akaenda kwenye njia ya mtoni. Mbuke alikuwa bado pale. Mzee akaanza kuivuta miiba kwa mikono mitupu.

"Ingia, mwanangu. Nimekukosea. Ndugu yako alishuka garimoshini na ugonjwa, tumemzika."

Mbuke akarudi nyuma, akamkaza mtoto mgongoni.

"Iache, baba. Jana ilinizuia, leo inamlinda huyu. Mimi niliyekuja kwa miguu mlinifungia, aliyekuja kwa garimoshi mkampigia vigelegele. Miiba njiani, reli wazi!"

Akafuata ukingo wa mto kwenda zahanati kutuombea msaada. Luhende akairudisha miiba mahali pake, tawi moja moja, akilia kwa sauti, mtu mzima yule. Sijapata kuona uchungu kama ule.

Haya, nani bado anacheka? Miiba njiani, reli wazi.